Soja wa geti hutuita 'vijana wa kompyuta', lakini homa ilijua tofauti

MVUA za Aprili zilipoanza kumwagika, homa iliingia keja yetu ya Roysambu na haikubagua. Tuko wanne. Ilianza na jamaa wa softwea, ikahamia kwa dada wa chumba cha kando, ikapitia kwa dereva, ikamalizia kwangu. Soja wa geti hutuita sisi sote "vijana wa kompyuta", na ukimuuliza atakwambia vijana wa kompyuta waliugua wiki moja, wakapona, basi.

Lakini homa hiyo moja ilitoa hesabu nne.

Jamaa wa softwea alimtumia bosi wake ujumbe asubuhi, akaambiwa "ugua pole", akafunga laptopu. Alilala siku nne, akanywa supu, na mwisho wa mwezi mshahara ukaingia ukiwa mzima. Dada wa chumba cha kando kazi yake ni kuchora visanduku kwenye picha, hapa gari, hapa mtu, hapa mbwa, ili mashine zijifunze kuona. Hulipwa kwa kila picha. Siku nne bila kuchora zilikuwa siku nne bila senti, na aliporudi akakuta alama zake zimeshuka na kazi zenye malipo mazuri zimepewa wengine. Dereva wetu huendesha gari la mtu kwenye apu za teksi. Yeye aliugua huku deni likipanda, maana mwenye gari anataka pesa zake za siku, uwe mzima uwe mgonjwa. Nami hulipwa kwa makala. Niliandika mbili nikiwa natetemeka chini ya blanketi, kwa sababu makala ambayo haijaandikwa hailipwi.

Sote wanne tunafanya kazi inayopitia kwenye skrini. Sote tuna bosi, hata kama wa dereva ni apu. Kilichotutenganisha si elimu pekee, na si bidii, kwa sababu dada yule hulala saa nane usiku. Ni neno moja kwenye karatasi tuliyosaini, au tuliyobofya "nakubali" bila kusoma.

Ukisikia mwanasiasa akitangaza kwamba ajira elfu kadhaa za kidijitali zimepatikana, jua kwamba ndani ya idadi hiyo tumewekwa sisi wanne kwenye gunia moja. Tangu mpango wa Ajira Digital uanzishwe mwaka wa 2016, kijana wa Kenya amehubiriwa kwamba kazi iko mtandaoni. Ni kweli iko. Swali ambalo halihubiriwi ni hili: huko mtandaoni wewe ni nani mbele ya sheria?

Tuanze na Katiba, kwa sababu imetumia maneno kwa uangalifu. Kifungu cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa vyema kazini. Kisha kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayofaa, mazingira yanayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Hapo bado tuko pamoja. Lakini shuka hadi Sheria ya Ajira ya 2007 na mlango unakuwa mwembamba. Sheria hiyo inamlinda mwajiriwa, yaani mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Ukiwa mwajiriwa una siku 21 za likizo kila mwaka. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu. Mama ana miezi mitatu ya uzazi, baba wiki mbili. Ukipunguzwa kazini kwa sababu kampuni imebana matumizi, kuna notisi ya mwezi mmoja na kiinua mgongo cha angalau siku 15 kwa kila mwaka uliotumikia.

Ukiitwa mwanakandarasi huru, hakuna hata kimoja cha hivyo. Sheria inakuona kama biashara ndogo inayouziana huduma na biashara kubwa. Dada wa chumba cha kando, akiwa na laptopu ya mitumba na bando la shilingi mia, ni "biashara" inayofanya mapatano na kampuni yenye ofisi San Francisco. Nilipomweleza hivyo alicheka hadi akakohoa.

Na ona vile majina yanavyochaguliwa. Dereva huitwa "mshirika". Anayechora visanduku huitwa "mchangiaji" au mtenda kazi ndogondogo. Mara chache utaona neno mfanyakazi, na hiyo si bahati mbaya. Mwanasheria aliyeandika makubaliano hayo anajua neno hilo lina bei.

Wazee wa Pwani wangetucheka, kwa sababu wao walishaiona sinema hii. Neno kibarua lenyewe lilitoka kwa "barua" ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Bandarini Mombasa, kwa miongo mingi, makuli walichukuliwa asubuhi meli zikiwepo na kurudishwa nyumbani zikikosekana. Kampuni zilipenda mpango huo. Hakuna aliyelipia siku ambayo meli haikutia nanga isipokuwa kuli mwenyewe, kwa njaa yake. Ilichukua migomo, ule wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947 uliolisimamisha jiji zima, ndipo wakoloni wakaanza kufikiria kuwasajili watu wa bandari kama wafanyakazi wa kudumu. Badala ya meli weka mradi wa picha kutoka ng'ambo. Badala ya kikaratasi weka akaunti. Kazi zikija unachora, zisipokuja unatazama skrini tupu ukiwa bado "umeingia kazini".

Sheria ya sasa ilijaribu kuziba tundu hilo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kutarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, anageuka kuwa mtu wa mkataba wa mwezi. Huwezi kumweka mtu kibarua miaka mitano. Shida ni kwamba kifungu hicho kilimfikiria mtu wa mjengo, anayechukuliwa asubuhi na kulipwa jioni. Anayelipwa kwa kazi ya sekunde 40, kisha nyingine ya sekunde 40, kwa mtu asiyemjua, itabidi kwanza athibitishe kwamba ana mwajiri.

Msidhani huu ni ugonjwa wa Afrika. Microsoft, katika miaka ya 1990, ilikuwa na watu waliokaa ofisini kwake miaka mingi wakifanya kazi ileile na wenzao, ila beji zao zilikuwa za rangi nyingine na hawakupata mafao. Walienda kortini, na mwaka wa 2000 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 97 kumaliza kesi. Mwaka wa 2019 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Google ilikuwa na wafanyakazi wa muda na wa kandarasi wapatao 121,000 dhidi ya waajiriwa kamili 102,000. Huko pia beji zilitofautiana kwa rangi. Kwa hivyo hata kwa wale tunaowaonea wivu, kuna waliomo ndani na waliomo ndani kwa nusu.

Turudi Nairobi, maana hapa ndipo swali hili limechemka kuliko sehemu nyingi duniani.

Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuja Nairobi kukagua maudhui ya Facebook, aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Kazi yake ilikuwa kutazama yale ambayo mimi na wewe hatuyaoni kwa sababu mtu fulani ameyaona kwanza akayafuta: watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa. Januari 2023 Sama ikatangaza kwamba inaachana na kazi hiyo ya ukaguzi. Machi mwaka huohuo wakaguzi zaidi ya 180 wakaenda kortini wakisema wamefutwa kinyume cha sheria.

Utetezi wa Meta ulikuwa mwepesi kuelezea: sisi hatuna ofisi Kenya, na hawa si wafanyakazi wetu. Hapo ndipo uainishaji unapoacha kuwa mambo ya karatasi. Mkaguzi anatumia mfumo wa Meta, anafuata kanuni za Meta, kazi yake inapimwa kwa viwango vya Meta, na anachokifuta kinafutika kwenye mtandao wa Meta. Lakini karatasi ya mshahara ina jina la mtu mwingine. Nani ni bosi?

Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Leba alikataa kuiondoa Meta kwenye kesi ya Motaung. Juni 2023, katika kesi ya wale wengine, Jaji Byram Ongaya alisema kwa hatua hiyo ya kesi kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu, na kampuni ya kati ni wakala tu. Meta ilikata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi zinaweza kusikizwa hapa Kenya. Tusizidishe chumvi: uamuzi huo ulihusu kama korti zetu zina mamlaka, haukusema nani amlipe nani. Lakini kwa kijana aliyezoea kuambiwa "peleka malalamiko yako California", haikuwa jambo dogo.

Desemba 2024 kukawa na stakabadhi nyingine kortini. Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kenyatta, aliwapima wakaguzi hao na kupata zaidi ya 140 wana msongo mkali wa akili unaotokana na kushuhudia mambo ya kutisha, ule unaowapata wanajeshi waliotoka vitani. Sasa jiulize. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007, inamhusu mwajiriwa na mwajiri wake. Kama mgonjwa ni mwajiriwa wa kampuni ya kati iliyokwisha kufunga kitengo hicho, na kampuni kubwa inasema haimjui, bili ya daktari inatumwa wapi?

Pesa nazo zina hadithi yake. Jarida la TIME lilifichua Januari 2023 kwamba Wakenya waliosaidia kusafisha data iliyotumiwa kuifundisha ChatGPT lugha ya adabu walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba kati ya OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sikatai kwamba kampuni ya kati ina kodi ya jengo, umeme, mameneja na faida yake. Hata hivyo, ukitazama pengo hilo unaelewa kwa nini kuna watu wengi wanaotaka mkaguzi aendelee kuwa wa mtu mwingine.

Na hao angalau walikuwa waajiriwa wa mtu. Walikuwa na mkataba, mshahara wa mwezi na mlango wa ofisi wa kubisha. Chini yao kuna ngazi nyingine. Machi 2024 apu ya Remotasks, inayomilikiwa na Scale AI ya Marekani, iliwafungia Wakenya. Watu waliokuwa wakiitegemea kulipa kodi ya nyumba waliamka wakakuta hawaruhusiwi kuingia. Kisheria hakuna aliyefutwa, kwa sababu kisheria hakuna aliyekuwa ameajiriwa. Hakuna notisi, hakuna kiinua mgongo, na kesi ungeanzia wapi? Wakaguzi walipata kesi ya kihistoria. Wachora visanduku walipata barua pepe.

Madereva wako katikati. Kanuni za uchukuzi wa apu za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni inaweza kumkata dereva. Angalieni serikali ilivyofanya hapo: iligusa bei, haikugusa cheo. Dereva alibaki mfanyabiashara. Uingereza ilienda njia nyingine. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya huko ilisema madereva wa Uber si watu wa kujitegemea. Sheria yao ina daraja la tatu, la mtu ambaye si mwajiriwa kamili lakini ni mfanyakazi, anayestahili mshahara wa chini na likizo yenye malipo. Majaji waliangalia mambo ambayo dereva yeyote wa Nairobi anayajua kichwani: nauli hupangwa na apu, ukikataa safari nyingi unaadhibiwa, nyota zikishuka unazimwa, na abiria hata hujamaliza kumwambia karibu kabla mfumo haujawatenganisha.

Kenya hatuna daraja hilo la kati. Hapa ni mwajiriwa au mwanakandarasi, na ukianguka katikati unaanguka kweli. Hata chama cha wafanyakazi ni shida. Mei 1, 2023, wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Lakini sheria ya leba inakitambua chama kama muungano wa waajiriwa. Dereva na mchora visanduku wanaweza kuunda kundi, ila kampuni haina wajibu wa kuketi nao mezani vile inavyoketi na chama cha walimu na serikali.

Najua kuna msomaji tayari ananijibu, na yuko sahihi kiasi. Si kila mtu anataka kuajiriwa. Jamaa wetu wa softwea ana rafiki aliyeacha kazi ya kudumu Westlands akawa mwanakandarasi wa kampuni ya Ulaya. Analipwa kwa yuro, anachagua saa zake, anafanya kazi akiwa Diani. Mteja wa Kenya akimlipa ada ya ushauri ya kuanzia shilingi 24,000 kwa mwezi, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia tano badala ya kukatwa kila mwezi kama sisi wa mshahara, ingawa bado anadaiwa kujaza hesabu kamili mwisho wa mwaka. SHA hujilipia. NSSF, kama akikumbuka. Kwake neno mwanakandarasi ni uhuru, kwa sababu ana kitu cha kuuza ambacho mnunuzi hawezi kukipata kwa mtu wa pili kesho yake asubuhi. Mpe dada wa chumba cha kando neno hilohilo na linageuka kuwa mzigo. Mkataba wa maneno yaleyale unambeba mmoja na kumlalia mwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila anayegusa apu afanywe mwajiriwa kwa lazima. Lakini sikubaliani zaidi na upande wa pili. Mwaka wa 2024 Seneta wa Kericho Aaron Cheruiyot aliwasilisha mswada wa kubadilisha sheria kadhaa za biashara. Ndani yake kulikuwa na pendekezo kwamba kampuni inayotoa kazi zake zifanywe na kampuni nyingine hapa Kenya isishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni hiyo ya pili. Hoja ni kwamba tukiwaogopesha wawekezaji wataenda kwingine. Inaweza kuwa kweli. Ila soma tena kile wakaguzi walichopigania kortini, kisha uone mswada ulielekea wapi. Ni mlango uleule, umefungwa kutoka upande wa ndani.

Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani liliamua Geneva, Juni 2025, kwamba kazi za apu ziwe na mkataba wa kimataifa unaozibana nchi zitakazouridhia, si mapendekezo matupu, na duru ya pili ya majadiliano ikapangiwa Juni 2026. Mojawapo ya yanayobishaniwa ni hili: nani aitwe mwajiriwa.

Wakati hayo yanaendelea, kuna mambo ambayo korti zetu huangalia hata kama karatasi inasema vingine. Nani anaamua saa za kazi? Nani anaamua bei? Unaweza kumtuma binamu yako akufanyie siku ukiwa mgonjwa? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumfanyia mshindani wao bila kuadhibiwa? Kazi yako ni kiini cha biashara yao au ni ya pembeni? Ukijibu maswali hayo na ukakuta wewe ni mwajiriwa aliyevalishwa kofia ya mwanakandarasi, anza kuweka ushahidi. Piga picha skrini. Hifadhi barua pepe, ratiba, jumbe za msimamizi, rekodi za M-Pesa. Sheria inamtaka mwajiri aandike mkataba wa kazi ya miezi mitatu na zaidi, na akishindwa kuutoa kortini, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Kijana mwenye simu iliyojaa picha za skrini ni shahidi mzuri kuliko anavyodhani.

Nilimwonyesha dada wa chumba cha kando orodha hiyo ya maswali. Alikwama kwa lile la kwanza kabisa, ambalo hata sikuwa nimeliandika: jina la kampuni. Akaunti yake aliipata kupitia mtu, aliyeipata kupitia mtu, na pesa huingia kutoka namba ya simu. Aliandikia huduma kwa wateja kuuliza mwajiri wake anaitwaje. Jibu lilirudi baada ya sekunde mbili, likimshukuru kwa kuwasiliana nao na kumwomba ataje namba ya akaunti yake ili asaidiwe haraka. Aliitaja. Likarudi lilelile.